Minara Minne ya Kyamuhoro

Jumapili, 3 Machi 1974

Daftari hili nimepewa na mume wangu. Lilibaki moja baada ya kugawia watoto shuleni, akaniambia, "Wewe Dafroza unakaaga na maneno kifuani mpaka yanakuumiza. Andika." Basi naandika. Mvua bado. Pamba imefika magotini ikasimama hapo, majani yamejikunja.

Leo baada ya ibada Mwenyekiti Makongoro aliita mkutano. Agizo limetoka mjini: kila kijiji cha ujamaa kitengeneze bendera yake na nembo yake, vipelekwe Musoma siku ya Saba Saba. Kijiji kitakachoshinda kitapewa mashine ya kusaga. Wanawake tulipiga vigelegele kwa ajili ya mashine, maana mahindi yetu tunayabeba kichwani hadi Butiama. Makongoro hakungoja tunyamaze. "Mwalimu Stanislausi atachora. Mke wake atashona, ana cherehani. Imekwisha."

Ndivyo anavyosemaga. Mwaka juzi, tulipohamishwa Rusenyi kuletwa hapa Kyamuhoro, alisema hivyo hivyo, "imekwisha," akapanda juu ya nyumba ya mama mkwe wangu akaanza kung'oa nyasi, naye Mama Wankyo yuko ndani bado anafunga vyombo vyake. Simpendi mtu huyu. Nimeandika na sifuti.

Jumanne, 5 Machi

Mawingu yalikuja, yakazunguka, yakaenda zake ziwani.

Jumamosi, 9 Machi

Kamati ya nembo imekutana darasa la nne. Alikuwepo Makongoro, Mwalimu Mkuu Kwangu, mume wangu, wazee kutoka kila upande, na wanawake wawili: mimi na Mama Wankyo.

Saa nzima ilikuwa ugomvi. Waliotoka upande wa Bunda wanataka pamba peke yake. Wafugaji wanasema pamba ni ya juzi tu, ng'ombe ndiye aliyewalea. Stanislausi akawatuliza kwa kuchora ngao ubaoni: tumba la pamba kushoto, kichwa cha ng'ombe kulia, jembe katikati. Ikabaki sehemu ya juu ya ngao. Mwenge walikataa, wakasema kila kijiji kitachora mwenge.

Nikasimama nikaomba chaki. Nikachora ukuta wa mawe, na juu ya ukuta minara minne. Nikasema, "Sisi tumetoka mahali panne. Kirumbu, Ihanda, Nyamaraga na Rusenyi. Kila mnara ni kwao mtu. Ukuta unaowashika ndio Kyamuhoro."

Kisha Mama Wankyo akainuka, akaenda ubaoni polepole na magoti yake yale. "Rusenyi ni upi?"

"Chagua mwenyewe, Mama."

Akaweka kidole chini ya mnara wa mwisho. Alipokiondoa kilikuwa na chaki, hakukifuta. Mzee wa Ihanda akalalamika kwamba wa kwao umeinama, nikaunyoosha, watu wakacheka. Makongoro aliutazama ubao kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ichorwe hivyo." Safari hii hakusema imekwisha.

Ukweli ni kwamba ukuta ule sikuutoa kichwani mwangu. Misheni nilikojifunza kushona alikuwepo Sista Karmo, Mreno. Siku naondoka, mwaka 1960, alinipa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, chenye nembo ya mji wa kwao: ngao yenye daraja na vishada vya zabibu, na juu yake taji la ukuta wa fedha. Alinieleza kwamba kwao kila mji unavaa taji kama hilo. Mji mkubwa una minara mitano, mji mdogo una minne. "Kwetu ni minne," akasema, na machozi yakamlenga. Kitambaa kile nakitandika juu ya kabati la vyombo.

Wakati wa kutoka Mwalimu Kwangu aliniuliza nimeupata wapi mchoro mzuri hivyo, nikamsimulia habari za kitambaa. Akacheka kwa upole. "Kumbe masista waliwafundisha mengi, Mama Miriamu." Mwalimu huyu ni mtu mwema. Hapa kijijini ni yeye tu anayekuuliza hali yako halafu akangoja jibu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana. Watoto walitoka darasani wakacheza ndani yake, na hakuna mwalimu aliyewazuia.

Jumatano, 20 Machi

Nashona. Kitambaa cha kijani na cha njano kimetoka duka la ushirika. Cheupe cha minara hakikupatikana, nimekata shuka yangu. Stanislausi akitoka shule ananitungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yangu yanachoka, kisha anakwenda barazani kupaka rangi nembo kwenye ubao wa kasha la chai. Clementi, mdogo wetu wa miezi minane, ameshika brashi na amejipaka kijani mpaka masikioni. Tulicheka hadi Mama Wankyo akaja kutoka nyumbani kwake kuuliza kuna nini.

Jumapili, 24 Machi

Leo tumepandisha bendera mbele ya ofisi ya kijiji. Mvua ilikatika kwa saa moja tu, ikatuachia nafasi. Kabla haijapanda kila mzee alikuja kugusa mnara wake. Mzee wa Kirumbu alilia waziwazi, watoto wakimtazama.

Makongoro alivua kofia. Niliona upara wake na kovu kichwani, nikagundua kwamba na yeye ni mzee. Kwao ni Nyamaraga. Nyumba yake ndiyo aliyoibomoa ya kwanza, ameniambia Stanislausi. Sikuwa nalijua hilo.

Jumamosi, 30 Machi

Foleni ya unga wa mahindi ya njano tangu asubuhi. Mvua. Kilo tatu.

Alhamisi, 4 Aprili

Amekuja mgeni wa mjini na Landrova kukagua maandalizi ya Saba Saba. Alipiga picha bendera mara mbili. Akauliza nani amechora, mume wangu akajibu ni yeye, maana ndiye aliyepewa kazi. Mgeni akaandika. Chakula hakula, alisema mto unajaa.

Jumanne, 9 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Walikuja watu wawili saa nne asubuhi, na wa tatu ni yule mgeni wa Alhamisi. Hawakupitia ofisini. Walikuja moja kwa moja nyumbani kwetu, na aliyevaa koti la mvua akaniuliza mlangoni, bila salamu, "Kitambaa cha Mreno kiko wapi?"

Sikuelewa. Akanipita. Aliingia hadi kwenye kabati, akaondoa vikombe kimoja kimoja, akakikunjua kitambaa cha Sista na kukinyanyua mbele ya wenzake. "Ndicho. Minara minne, kama kwenye bendera."

Stanislausi alikuwa ameitwa kutoka darasani, mikono yake ina chaki. Makongoro alikuja nyuma yake akihema. Watu wakajaa uani kwenye matope.

"Mwalimu," alisema mwenye koti, "unajua Wareno wanafanya nini Msumbiji?"

"Najua. Nawafundisha watoto."

"Unawafundisha. Ndugu zetu wanachomwa ndani ya nyumba zao, vijana wetu wanakufa mpakani, na wewe hapa Kyamuhoro unapandisha taji la Mreno mlingotini. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Minara ile ni vitongoji vyetu vinne."

"Na hiki kitambaa?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimembeba Clementi mgongoni, naye alikuwa anavuta nywele zangu. Stanislausi alinitazama. Tumekaa naye miaka tisa na sijawahi kuona macho yake yakiwa vile. Akasema haraka, "Nilikiona hapo kabatini, nikakiiga. Mke wangu hajui lolote. Alishona nilichompa."

Uani palikuwa na watu wanane wa kamati, na wote waliniona na chaki mkononi. Wote walikuwa wanatazama chini. Mwenye koti akamgeukia Makongoro. "Mwenyekiti, ni kweli? Ndiye aliyechora?"

Makongoro alinitazama mimi, akamtazama mtoto mgongoni. "Ni yeye," akasema.

Walimchukua na nguo zake za kazi, bila koti, bila blanketi. Walishusha bendera wakaikunja pamoja na kitambaa, na ubao wa nembo wakaurusha nyuma ya gari. Binti yetu Miriamu alikimbia nyuma ya gari hadi kwenye mwembe wa shule, miaka yake saba, ndipo akaanguka.

Na mimi nilikuwa nimesimama. Mdomo wangu uko wazi bado.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Hakuna habari.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Hakuna habari.

Jumapili, 14 Aprili. Pasaka

Kanisani benchi letu tulikaa sisi watatu tu, mimi na watoto. Watu walibanana kwenye mabenchi mengine. Wakati wa kutoka Makongoro alinijia, nikageuka nikapita upande mwingine. Mtu aliyesimama mbele ya watu na kumtoa mume wangu kwa maneno mawili.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekwenda kwa Mwalimu Kwangu. Alinipokea vizuri, mke wake akaleta chai. Nikamwambia nataka kwenda Musoma kusema ukweli, kwamba mchoro ni wangu. Akaweka kikombe chini.

"Usifanye hivyo, Mama Miriamu. Watakushika na wewe, na huyo mtoto anayenyonya watamweka wapi? Watasema mwalimu aliwadanganya, na makosa yatakuwa mawili. Subiri. Mambo haya huwa yanapoa yenyewe."

Nikaona ana akili. Na, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ameniambia nisiende.

Darasa la mume wangu limeunganishwa na la tano. Makongoro ameitwa Musoma.

Ijumaa, 19 Aprili

Mto umechukua daraja la magogo. Makongoro amerudi kwa miguu, amekonda. Kijijini wanasema amepokonywa uenyekiti. Nimesema moyoni, vizuri.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimpelekea Mama Wankyo uji asubuhi kama kawaida. Alikuwa amekaa kitandani, ameelekea ukutani.

"Uweke hapo," akasema. Kisha akasema, "Mwanangu hakuchora mnara wowote. Nilikuwepo."

"Ndiyo, Mama."

"Nilikuona na chaki. Nikaweka kidole changu. Kama ni kosa, na mimi nimo. Lakini mimi hawakuniuliza. Wewe walikuwa mlangoni kwako."

Nikaanza kumwambia habari za mtoto, habari za macho ya Stanislausi. Aliinua mkono. "Amekaa siku ngapi sasa?"

"Kumi na tatu."

"Haya."

Jioni nilikwenda kuchukua bakuli. Uji ulikuwa pale pale, umeganda. Amewaambia majirani kwamba kuanzia leo atajipikia.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Pamba ya chini, karibu na mfereji, imeoza matumba.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo ni Muungano, hakuna shule wala kazi. Saa sita Makongoro alikuja hadi uani kwangu na redio yake mkononi. Nilitaka kuingia ndani. Akasema, "Mama Miriamu, nichukie baadaye. Sasa sikiliza."

Betri zilikuwa zimechoka, tukainamisha vichwa pamoja. Redio ilisema serikali ya Ureno imepinduliwa na wanajeshi wake wenyewe. Jana. Watu wa huko wako barabarani.

"Sasa watamwachia?" nikauliza.

"Sijui. Labda watamsahau. Hiyo ni mbaya zaidi. Lazima mtu aende."

Nikamwuliza kwa nini, siku ile, alisema ni yeye. Niliuliza kwa ukali. Alikaa kwenye kinu changu kilichoinamishwa, akaweka kofia gotini.

"Mumeo alinitazama kabla sijajibu. Mimi na yeye tumegombana mara ngapi kuhusu mambo ya kijiji hiki? Lakini nilielewa anachoomba. Ulikuwa na mtoto mgongoni. Ningesema jina lako wangekuchukua palepale. Nikasema kama alivyotaka. Nilipoitwa Musoma nikawaambia minara ile ni vitongoji, na kwamba mimi navijua kwa sababu mimi ndiye niliyevibomoa. Wakaniambia nipumzike uenyekiti."

Nikampa maji ya kunywa.

"Nilichotaka kukuambia ni kingine," akaendelea. "Mezani kwao niliiona barua iliyowaleta. Inaeleza kitambaa, kabati, mpaka zabibu. Niliujua mwandiko. Ule ule unaoandikaga ripoti za watoto wetu."

"Mwalimu Kwangu anakunywaga chai nyumbani kwangu," nikasema.

"Ndiyo. Ndiyo sababu anajua kabati."

Nikamwambia anamsingizia. Lakini alipoondoka nilikumbuka yaliyotokea Februari. Mwalimu Kwangu alikuwa anawapeleka watoto wa la sita na la saba kupalilia shamba lake mwenyewe la pamba, akiita elimu ya kujitegemea. Stanislausi alisimama kwenye kikao cha wazazi akasema wazi kwamba shamba lile si la shule. Waliombana radhi. Mimi nilidhani yamekwisha. Na kuhusu kitambaa, mtu niliyemweleza maana ya minara ni mmoja tu.

Jumatatu nakwenda Musoma.

Jumanne, 30 Aprili. Bweri

Nimefika jana jioni. Kutoka Kyamuhoro hadi barabarani tulitembea saa tano, mimi na Clementi mgongoni. Makongoro alitusindikiza na kutuvusha mtoni. Maji yalinifika kifuani, alimbeba mtoto juu ya kichwa chake, na Clementi alicheka njia nzima. Kisha lori la mbegu. Nimefikia kwa binamu yangu Lukresia hapa Bweri, pembeni mwa mji. Miriamu nimemwacha. Nilipokwenda kumuaga Mama Wankyo, alinisikiliza akiwa amenipa mgongo, lakini Miriamu alimvuta akamweka pajani.

Leo nimekaa kwenye benchi la ofisi ya wale waliomchukua kuanzia saa mbili hadi saa tisa. Karani amesema njoo kesho kutwa, kesho ni Mei Mosi.

Alhamisi, 2 Mei

Nimeitwa saa tano. Alikuwa ni mwenye koti la mvua, safari hii hana koti, ni mtu mfupi tu mwenye mafua. Nikasema nikiwa nimesimama, ili nisije nikabadili nia. "Ule ukuta nilichora mimi. Mume wangu alisema uongo kwa ajili yangu. Kitambaa ni changu. Sista aliyenipa alikuwa ananionyesha kwao. Nilidhani na sisi tunaweza kuonyesha kwetu. Nishikeni mimi."

Alifuta pua. Akafungua faili, akaligeuza geuza, akalifunga.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya, "nani alichora haina maana tena. Hatuna kesi na nyie. Mume wako tulimwondoa hapa tarehe ishirini. Yuko hospitali. Hamkupata taarifa?"

"Daraja limekwenda."

"Basi ndiyo hivyo."

Nimemkuta kwenye kitanda cha pili kutoka dirishani. Kwanza nilimpita, sikumtambua. Kifua kinapiga kelele kama mlango. Nesi alisema ni mapafu, alilala kwenye sakafu yenye maji na shati moja.

Alimshika Clementi mguu. Kisha akauliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

Akafumba macho. "Wakasemaje?"

"Wamesema haina maana tena."

"Siku ishirini na tatu," akasema. "Nilikuwa nazihesabu. Kila siku nilikuwa najiambia, na leo Dafroza amelala kwake na mtoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, mle ndani na hapa kitandani. Sasa umekuja ukaitoa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jumatano, 8 Mei

Tumerudi Kyamuhoro. Hospitali imejaa wagonjwa, wamesema akaugulie nyumbani. Tumepewa dawa na barua: asifundishe hadi atakapojulishwa. Makongoro na wanaume wanne walimbeba kwa machela kutoka barabarani. Hawakupumzika hata mara moja, ila mtoni.

Ijumaa, 10 Mei

Amekunywa uji. Amekohoa.

Jumapili, 12 Mei

Mama Wankyo anakuja asubuhi na jioni, anakaa miguuni pa mwanawe, anaondoka. Mimi ananisalimia kama unavyosalimia mtu njiani.

Jumatano, 15 Mei

Leo Mwalimu Kwangu amekuja kumwona mgonjwa, ameleta sukari nusu kilo. Nilisimama mlangoni nikauziba. Nilisema taratibu, ndani wasisikie, "Mwalimu, najua barua ile."

Sikutegemea atakavyofanya. Alikaa chini pale pale barazani, kwenye maji, na suruali yake ya kunyoosha pasi.

"Niliandika habari za kitambaa tu," akasema. "Sikuandika jina la mtu. Nilidhani watamwita, watamwonya, ataacha kunisema mbele ya wazazi. Nilidhani ni siku mbili, Mama Miriamu."

"Ulinipa chai ukaniambia nisiende."

Akaniinulia ile sukari, nikaipokea.

Sauti ya Stanislausi ikatoka ndani, nyembamba. "Ni nani hapo? Mwalimu Mkuu? Mwache aingie, Dafroza. Nayajua."

Tukaingia. Anajua tangu Musoma. Walimsomea barua, naye miaka miwili anausoma mwandiko ule kila siku. Mwalimu Kwangu alipiga magoti karibu na kitanda, mume wangu akampa mkono, akamwuliza kama darasa la nne wamemaliza desimali. Wamezungumza desimali. Nilikuwa nimeshika ile sukari na sikujua niitupe au niiweke. Nimeiweka.

Alipoondoka nikamwuliza mume wangu amewezaje. Akasema, "Nimechoka tu, mama. Kumchukia mtu kunataka pumzi."

Jumamosi, 18 Mei

Damu kwenye kitambaa. Mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Amelala mchana kutwa. Nilimwomba radhi kwa Musoma, kwa kuitoa ile kazi yake. Akasema, "Ungekaa kimya mpaka mwisho nisingekutambua kuwa ni wewe." Kisha akasema kwamba anasikia baridi.

Alhamisi, 23 Mei

Saa kumi jioni. Stanislausi.

Jumamosi, 25 Mei

Tumemzika nyuma ya nyumba. Makongoro ndiye aliyechimba tangu alfajiri, alikataa kupokewa sululu. Mvua ilikuwa inapumzika na kurudi.

Watu walikuja wengi, hata wale waliobanana kwenye mabenchi mengine siku ya Pasaka. Katekista alisoma. Mwenyekiti mpya alitoa salamu za kijiji, akasema marehemu alikuwa mwalimu hodari aliyepatwa na makosa madogo. Kisha akamwita Mwalimu Mkuu aseme neno. Mwalimu Kwangu alisogea, karatasi mkononi.

Mimi sikupanga. Wanawake hawasemagi makaburini. Nilijikuta niko mbele yake na ninasema.

"Makosa hakufanya. Minara ile nilichora mimi. Wanane kati yenu mliniona. Walipokuja kuuliza, mume wangu alisema ni yeye, nami nilikuwa nimesimama pale nikanyamaza. Nikanyamaza siku ishirini na tatu. Katika miaka tisa sijamsikia akisema uongo mwingine. Nimesema ili watoto wake wasije wakaambiwa vingine."

Sikumtaja aliyeandika barua. Alikuwa karibu yangu, karatasi bado mkononi. Hakuisoma. Aliikunja, akarudi nyuma ya watu, na udongo ulipokuwa nusu nilimwona akipita kwenye pamba kuelekea shuleni, peke yake.

Kisha mzee wa Ihanda akasema, "Na mimi nilikuwepo. Nilimwambia aunyooshe wa kwetu." Mwingine akasema, "Na mimi." Wakasema mmoja mmoja, wote wanane isipokuwa huyo aliyeondoka, na Makongoro wa mwisho. Maneno hayo yangesemwa tarehe tisa Aprili uani kwangu, labda wangehitaji lori zima kutubeba. Leo hayakuwa na kazi. Lakini niliyasikia.

Mama Wankyo alikuwa amekaa chini, kanga imelowa kichwani. Aliwatazama wote. "Amesema kweli," akasema. "Mmesema kweli. Sasa fukieni, mwanangu analoa."

Jumatatu, 27 Mei

Jua limetoka tangu asubuhi, wanasema masika imekwisha. Pamba iliyobaki ya juu inapasuka. Miriamu amekwenda shule, maana shule ni hiyo moja na kengele anaipiga Mwalimu Mkuu yule yule. Nimemfunga viatu, nikamwangalia hadi alipopotea.

Adhuhuri nilikuwa naanua nguo nikamwona Mama Wankyo anakuja kutoka kwake, anavuta kitanda chake cha kamba kwenye matope, upande mmoja unaburuta. Hakuniomba kitu. Niliacha nguo nikaenda nikashika upande wa pili. Mlangoni kilikataa kuingia, tukakilaza ubavu, tukasukuma, yeye akiniambia "huku, huku, inua," nami nikiinua. Tumekiweka chumbani, pale palipokuwa na kitanda cha ugonjwa.

Alipomaliza kutandika alikaa juu yake, akapapasa blanketi, akaniuliza kuna nini cha kula.

"Ugali wa njano na samaki wa furu, Mama."

"Pakua," akasema.

Tumekula sahani moja.